Mkanda Upo, Deki Iko Wapi?

Kwenye semina ya mbinu za historia wiki hii tuliulizwa chanzo cha historia ni nini. Majibu yakamiminika yale yale tuliyokariri tangu kidato cha kwanza: masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia, lugha, makumbusho. Mmoja akasema "na video", mwalimu akaitikia kwa kichwa, tukaandika, tukasonga mbele.

Mimi hiyo "na video" imenikaa kooni. Barua ya mwaka 1890 ukiikuta stoo, ukaipangusa vumbi, unaisoma. Kama ni ya Kijerumani utamtafuta anayejua Kijerumani, lakini maandishi yako mbele ya macho yako. Mkanda wa video wa mwaka 1960 ukiupangusa vumbi unaona utepe wa kahawia, basi. Picha zimo lakini jicho halizioni, hata ukiumulika na tochi. Ili mkanda ule uwe chanzo cha historia lazima iwepo mashine, mashine iwake, na awepo mtu anayejua kuiwasha. Kikikosekana kimoja, ulichonacho mkononi ni plastiki.

Kwa hiyo leo tuzungumzie historia ya mashine za kurekodia video. Nasema zile kubwa za stesheni za televisheni, siyo deki ya sebuleni, pamoja na watu walioamua kuzifufua wakati wenye mali walishazitupa. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiyekubali ajiandae: mashine ya kusomea ni sehemu ya chanzo chenyewe. Aliyetunza mkanda akatupa mashine ametunza nusu tu.

Tuanzie Marekani, maana ndiko mambo yalikoanzia. Kati ya New York na California kuna tofauti ya saa tatu. Taarifa ya habari ya saa moja jioni New York ikirushwa moja kwa moja, Los Angeles ni saa kumi alasiri, watu bado wako kazini. Miaka ya mwanzo ya 1950 dawa yao ilikuwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, wanapiga picha ya picha, kisha wanakimbiza filamu ikasafishwe, halafu inarushwa tena kwa watu wa magharibi. Filamu ilikuwa ghali, muda ulikuwa mchache, na picha ilitoka na ukungu.

Sasa mtu atauliza, kwani tepu za sauti hazikuwepo? Zilikuwepo. Tatizo ni kwamba sauti ni mzigo mdogo. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, lakini picha ya televisheni inahitaji mamilioni. Ukitaka kuyaandika yote hayo kwenye utepe wa sumaku, inabidi utepe upite kwa kasi ya ajabu mbele ya hedi, yaani kile kichwa kinachoandika na kusoma. BBC ya Uingereza walijaribu hivyo hivyo. Mashine yao iliitwa VERA, na Aprili 1958 waliionyesha hadharani kwenye kipindi cha Panorama. Mkanda wake ulikuwa unakimbia mita 5 kila sekunde! Gurudumu la mkanda lilikuwa na upana wa zaidi ya nusu mita, na bado lilimalizika kwa kama robo saa. Hiyo si mashine, hiyo ni mbio za magari.

Waliofumbua fumbo walikuwa kampuni ndogo ya California iliyoitwa Ampex, iliyoanzishwa mwaka 1944 na Alexander M. Poniatoff. Jina lenyewe ni herufi za mwanzo za majina yake, na mwishoni akaongeza mbili za kujisifia ubora. Kiongozi wa mradi wa video alikuwa Charles Ginsburg. Kwenye timu yake alikuwemo kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo, jina lake Ray Dolby. Ndiyo, Dolby huyo huyo ambaye jina lake mnaliona kwenye redio na majumba ya sinema. Mwaka 1953 aliitwa jeshini, akarudi kazini mwaka 1955. Wanachuo wenzangu, hapo sisemi kitu, ila mjipime wenyewe na umri wenu.

Wazo lao lilikuwa hili: badala ya kuukimbiza mkanda mbele ya hedi, ikimbizwe hedi juu ya mkanda. Chukua kanga, mtu mmoja aivute taratibu mezani. Wewe una gurudumu dogo lililofungwa chaki nne, linazunguka kwa kasi kukatiza upana wa kanga. Kila chaki inachora mstari kutoka pindo hadi pindo, na kwa kuwa kanga inasogea, mistari inakaa ubavuni mwa mwenzake bila kupandana. Mashine ya Ampex ndivyo ilivyofanya. Mkanda wa inchi 2 kwa upana ulisogea sentimita 38 tu kwa sekunde, lakini gurudumu la hedi nne lilizunguka mara 14,400 kwa dakika. Piga hesabu: mizunguko 240 kwa sekunde mara hedi nne ni mistari 960 kila sekunde. Hedi ilikuwa inaupita mkanda kwa karibu mita 40 kwa sekunde, karibu mara nane ya ile VERA, na mkanda wenyewe haukuharakishwa.

Ili hedi iguse mkanda sawasawa, ilibidi mkanda ukunjwe kama mfereji kuzunguka gurudumu. Kazi hiyo ilifanywa na pampu ya kunyonya hewa iliyouvuta mkanda ukae kwenye kingo zake. Kumbukeni pampu hiyo, tutaikuta tena mbele.

Tarehe 14 Aprili 1956, Chicago, mashine ilifunuliwa mbele ya wakuu wa stesheni zinazoshirikiana na CBS. Mkuu mmoja wa CBS alikuwa anahutubia. Alipomaliza, ukumbi ukamwona tena kwenye vioo vya televisheni akisema maneno yale yale aliyoyatoka kuyasema punde. Ndani ya siku chache tu Ampex walikuwa na oda karibu mia moja, na mashine moja bei yake ilikuwa kama dola 50,000 za wakati ule. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo CBS wakaitumia hewani kwa mara ya kwanza: taarifa ya habari ya Douglas Edwards ilirekodiwa, ikarushwa baadaye kwa watu wa magharibi. Julai 1959 mjini Moscow, Nixon na Khrushchev walipobishana kwenye lile jiko la maonyesho (ile mada ya Vita Baridi tunayoipenda kwenye mitihani), mashine ya Ampex ndiyo iliyowarekodi, tena kwa rangi.

Lakini toka siku ya kwanza kulikuwa na kasoro ambayo mwanahistoria anapaswa kuiandika kwa wino mwekundu. Mashine za mwanzo hazikusomana. Mkanda uliorekodiwa kwa seti fulani ya hedi ulipaswa kuchezwa kwa seti hiyo hiyo. Stesheni nyingine ziliwahi kutunza mkanda pamoja na hedi zake, kama kufuli na ufunguo wake. Na hedi zenyewe zilisagika. Baada ya saa kama mia moja za kazi zinapelekwa kufanyiwa matengenezo. Yaani hoja yangu ya leo ilikuwemo ndani ya chuma tangu mwaka 1956.

Kasoro ya pili ilikuwa utamu wa mkanda wenyewe: ulifutika na kurekodiwa upya. Gurudumu moja la saa nzima lilikuwa na mkanda wa mita kama 1,370 na liligharimu mamia ya dola. Mhasibu akiangalia rafu zimejaa vipindi vya mwaka jana haoni historia, anaona pesa imelala. Matokeo yake ni huzuni tupu. Fainali ya kwanza ya Super Bowl, Januari 1967, ilirushwa na stesheni mbili kubwa kwa wakati mmoja, CBS na NBC, na zote mbili hazikubaki na mkanda wake. BBC nao walifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960, vikiwemo vya Doctor Who ambavyo mashabiki wanavililia mpaka leo.

Na hapa Afrika inaingia kwenye hadithi kwa mlango halali. BBC walipouza vipindi nje, waliviuza mara nyingi kama filamu ya milimita 16 na siyo kama mkanda, kwa sababu kila nchi ilikuwa na mfumo wake wa televisheni lakini projekta ya filamu ni ile ile popote. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 za Doctor Who, ambazo London ilishazipoteza, zilipatikana kwenye kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Zilikaa rafuni miaka na miaka. Mnaona tofauti? Filamu ukiishika kwenye mwanga wa dirisha unaona picha ndogo ndogo kwa macho yako. Aliyezikuta alijua ameshika nini. Ingekuwa ni mkanda wa inchi 2, angehitaji mashine kubwa kama kabati, umeme wa kutosha na fundi, ndipo ajue kama ameokota dhahabu au kiroba.

Sasa tufike kwenye kisa kilichonifanya niandike makala haya.

Mwaka 1966 na 1967 Marekani ilirusha vyombo vitano vilivyoitwa Lunar Orbiter kwenda kuuzunguka mwezi na kuupiga picha, ili wajue wanaanga watue wapi. Kila chombo kilikuwa na studio ndani yake: kilipiga picha kwenye filamu, kikaisafisha huko huko angani, kikaisoma kwa mwanga mstari kwa mstari, kisha kikatuma mawimbi duniani. Huku chini vituo vitatu vilipokea: Goldstone kule California, Madrid kule Hispania na Woomera kule Australia. Mawimbi hayo yaliandikwa kwenye mikanda ya inchi 2 kwa mashine za Ampex FR-900. Hiyo FR-900 haikuwa ya televisheni, ilikuwa ya kurekodi takwimu, lakini ni binamu wa damu wa ile ya mwaka 1956: mkanda ule ule mpana, hedi zile zile za kuzunguka.

Wakati ule walikuwa na haraka. Picha walizozitumia zilichapwa kwenye vipande vya filamu, vikaunganishwa kama mkeka, vikapigwa picha upya. Ndiyo maana picha za mwezi za miaka ile kwenye vitabu zina mistari mistari. Ubora halisi ulibaki umelala kwenye mikanda, hakuna aliyekuwa na kompyuta ya kuubeba.

Katikati ya miaka ya 1980 mikanda hiyo, takribani 1,500, ilikuwa imefika kwenye hatua ile ambayo ofisi yoyote inaifahamu: imejaza nafasi, hakuna anayeitumia, itupwe. Swali likafika kwa Nancy Evans, mtunza kumbukumbu wa maabara ya JPL ya NASA. Akakataa. Mama huyo alisimamia mikanda ihifadhiwe, halafu akafanya jambo ambalo kwangu ndilo la kihistoria zaidi: akaanza kutafuta mashine. Alijua kwamba mikanda bila FR-900 ni mzigo wa plastiki. Akafanikiwa kupata mashine nne zilizokuwa zinaachwa kama mali chakavu, na kwa kuwa ofisi haikuwa na pa kuziweka, zikaishia kwenye gereji ya nyumbani kwake, Sun Valley. Yeye na Mark Nelson wa Caltech wakajaribu kuzifufua. Kazi ilianza, pesa ikaisha. Mashine zikakaa gerejini karibu miaka 20.

Hebu tulieni kidogo hapo. Ramani bora kabisa ya mwezi ya karne ya 20 ilikuwa inategemea kama mama mmoja atachoka na vyuma vilivyojaa gerejini kwake au la. Hakukuwa na sheria wala kamati iliyomlazimisha. Kulikuwa na mtu na mlango wa gereji.

Mwaka 2007 Dennis Wingo na Keith Cowing walisikia habari hiyo, wakamfuata. Mashine na mikanda vikapakiwa kwenye malori, vikasafirishwa zaidi ya kilomita 500 hadi kituo cha NASA Ames. Wakapewa jengo lililoachwa wazi, na lilikuwa tawi la McDonald's lililofungwa! Sinki za kuoshea vyombo vya jikoni zikawa za kuoshea vipuri. Dirishani wakatundika bendera ya maharamia, na mahali pale pakabatizwa "McMoon's". Ken Zin akasimamia ukarabati, vijana wanafunzi wakashika mabisibisi, wastaafu wakaulizwa yale ambayo vitabu havikusema.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo, maana watu wengi hudhani kufufua mashine ni kuchomeka waya ukutani. Wee! Mashine iliyolala miaka 20 ukiichomeka moja kwa moja umeiua. Ngoja nieleze taratibu, na fundi yeyote mzuri wa redio mtaani kwenu atanithibitishia.

Adui wa kwanza ni kapasita za kwenye pawa saplai. Ndani yake mna utando mwembamba unaozuia umeme usivuke, na utando huo unajengwa na kutunzwa na umeme wenyewe. Mashine ikikaa miaka bila kuwashwa, utando unadhoofika na majimaji ya ndani yanakauka. Ukiipa volti zote ghafla, umeme unavuka kiholela, kapasita inachemka, inapasuka, na inaweza kuondoka na transfoma. Kwa hiyo fundi huanza kwa kuzipima moja moja, zilizokufa anabadilisha. Kisha anachomoa saketi zote ili pawa saplai ibaki peke yake, anaipandishia umeme kidogo kidogo kwa transfoma ya kuzungusha kwa mkono, huku anapima. Volti zikitulia ndipo anarudisha kadi moja baada ya nyingine. Ni kama kumlisha mgonjwa aliyekaa muda mrefu bila kula: unaanza na uji, humpelekei pilau.

Adui wa pili ni mpira. Mashine hizi zina rola za mpira zinazoubana mkanda. Baada ya miongo mpira unageuka jiwe au unageuka gundi, na gundi hiyo ikigusa mkanda wa kipekee umeshafanya msiba. Rola hutengenezwa upya. Adui wa tatu ni beringi na hedi. Kitu kinachozunguka mara 14,400 kwa dakika hakitaki mzaha wa grisi iliyoganda. Hedi za FR-900 zilipelekwa kwa wataalamu wachache waliobaki Marekani wanaoweza kuzitengeneza upya.

Adui wa nne ni hewa. Nilisema mkumbuke pampu. Mashine hizi haziishi kwa umeme peke yake: zinataka pampu ya kunyonya, na aina nyingi za baadaye zinataka pia hewa ya kubanwa, safi na kavu, kwa ajili ya beringi zinazoelea juu ya hewa. Ukiwasha bila hewa umesaga gurudumu la hedi. Tena zinatoa joto, kwa hiyo feni na kiyoyozi vinahesabiwa kama sehemu ya mashine.

Adui wa tano anatuhusu sisi wa upande huu wa dunia. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Wa kwetu ni volti 230 na hezi 50. Volti unazishusha kwa transfoma, hiyo ni rahisi. Lakini transfoma haibadilishi hezi. Mota inayofuata mapigo ya umeme ikizungushwa kwa hezi 50 badala ya 60 inakwenda kwa kasi ya tano ya sita: ya mizunguko 1,800 inakuwa 1,500. Transfoma iliyotengenezwa kwa ajili ya hezi 60 pekee ikilishwa hezi 50 inachemka kuliko ilivyokusudiwa. Kwa hiyo anayeileta mashine ya Kimarekani huku anahitaji kifaa cha kubadilisha hezi, siyo transfoma peke yake. Na kwa mtindo wetu wa umeme kuondoka bila kuaga, fikiria mkanda wa pekee duniani uko kwenye gurudumu linalozunguka, halafu giza. Breki zisiposhika sawasawa, mkanda unakatika au unajikunja kama tambi.

Hayo yote yakishapita, bado hugusi mkanda wa thamani. Unazungusha bila mkanda, kisha mkanda wa majaribio usio na maana, kisha ndipo ule wenyewe. Na mkanda nao una ugonjwa wake. Mingi ya miaka ya 1970 na 1980 gundi yake inanyonya unyevu, inanata, na ukiucheza unaacha picha zake kwenye hedi kama uchafu. Dawa yake ni kuuoka taratibu kwenye joto la kama nyuzi 50 kwa saa nyingi. Ampex wenyewe walipewa hataza ya njia hiyo mwaka 1993. Baada ya kuoka una muda mfupi wa kuucheza na kunakili kabla haujarudia ugonjwa.

Turudi McMoon's. Kati ya zile mashine nne walichomoa vipuri vya hii wakaweka ile, mpaka moja ikasimama. Novemba 2008 wakaonyesha picha ya kwanza: dunia ikichomoza juu ya ukingo wa mwezi, iliyopigwa na Lunar Orbiter 1 tarehe 23 Agosti 1966. Picha ile ile iliyokuwa na ukungu na mistari, sasa unaona mawingu na kingo za mashimo ya mwezi vizuri kabisa. Mkanda haukuongezewa chochote. Uwezo huo ulikuwemo miaka 42, ulikuwa unasubiri mashine.

Mkitaka kuona upande wa pili wa shilingi, tazameni Apollo 11. Julai 1969 kamera ya mwezini ilituma picha kwa mfumo wake wa pekee, na vituo vya huku duniani vikaigeuza kuwa picha ya televisheni ya kawaida, yenye ubora mdogo zaidi. Mawimbi asilia yalirekodiwa kwenye mikanda ya takwimu kama akiba. Miaka ilipopita watu wakaitafuta. Mwaka 2009 NASA ikatoa taarifa: yaelekea mikanda hiyo ilifutwa na kutumika tena wakati taasisi ilipokuwa na uhaba wa mikanda. Hatua ya kwanza ya binadamu mwezini, nakala yake bora, ikafunikwa na takwimu nyingine. Waliofanya hivyo hawakuwa wapumbavu. Walifuata utaratibu wa ofisi.

Kuna mwenzangu wa chumbani nilimsimulia haya akanijibu, "Sasa unataka tutunze kila takataka?" Ni hoja nzito, siwezi kuikwepa. Hakuna nchi yenye uwezo wa kutunza kila mkanda na kila mashine. Lakini angalieni kipindi cha Fred Astaire kilichorushwa na NBC Oktoba 17, 1958, kwa rangi, kwenye mkanda. Siku ile kilikuwa muziki na dansi tu. Miaka 30 baadaye kikawa ushahidi adimu wa jinsi televisheni ya rangi ilivyoanza, na mfumo wa rangi uliotumika kukirekodi ulikuwa umeshaachwa. Ed Reitan, Don Kent na Dan Einstein walikifufua, palipoharibika wakaziba kwa nakala ya filamu, na mwaka 1988 wakapewa tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Mwaka 1958 nani angejua? Huwezi kujua leo kesho itauliza swali gani. Ndiyo maana jibu langu kwa mwenzangu ni hili: tusitunze kila kitu, ila tusiamue cha kutupa kwa kuangalia nafasi ya stoo peke yake. Na tukiamua kutunza mkanda, tuandike kwenye bajeti hiyo hiyo mashine, vipuri, kitabu cha mwongozo na mtu wa kufundishwa.

Msidhani haya ni ya Marekani tu. Televisheni ya Kenya ilianza 1962, ya Zanzibar miaka ya mwanzo ya 1970, na Tanzania Bara tulisubiri mpaka 1994. Sisi wa Bara tulianza wakati mashine za inchi 2 zimeshapitwa na kaseti zimetawala. Lakini kaseti nazo zina deki zake, na deki nazo zinakufa. Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho wa deki za VHS, iliacha kuzitengeneza. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha watunza kumbukumbu za sauti na picha, IASA, walianzisha mradi wa kuamsha dunia kuhusu mikanda ya sumaku, na mwaka uliokuwa unatajwa kama mwisho wa usalama ni 2025. Huo umeshapita. Hebu fikirini ile mikanda ya harusi, ya misiba na ya mikutano iliyolala kwenye makabati ya wazazi wetu, imefunikwa vitambaa vya kufuma. Mkanda upo. Deki iko wapi?

Sisi tunakwenda kuwa walimu. Tutasimama mbele ya kidato cha kwanza tukiwa na ile orodha ya vyanzo vya historia. Ombi langu ni dogo: tukifika kwenye "na video", tusiruke. Tuwaambie wanafunzi kwamba kuna kumbukumbu ambazo haziishi bila fundi. Fundi wa deki mwenye kibanda pembeni ya stendi, mwenye makopo ya vipuri ambayo watoto wake wanataka kuyauza kwa kilo, ni mtunza nyaraka hata kama hana cheti. Mkiwa field, mtembeleeni. Mwulizeni anajua kufufua nini, muandike. Kitabu cha mwongozo kilichochanika msikitumie kufungia karanga.

Nawasilisha. Anayepinga aje na hoja, uwanja wa maoni uko wazi, na mwenye deki inayofanya kazi nyumbani kwao ajitokeze tumjue. Kesho nina lekcha ya saa moja asubuhi na foleni ya bafuni mnaijua wenyewe.

Alamsiki.